Kusafiri Ulaya ukiwa mwanafunzi: je, ni kula mchango wa harambee?

Binti wa Budalang'i

Hamjambo nyote. Nimekubaliwa kusomea shahada ya uzamili katika masuala ya maji mjini Dresden, Ujerumani, na masomo yataanza mwezi wa Oktoba. Karo haitozwi, lakini fedha za kujikimu zilitulemea nyumbani, ndipo jamaa zetu, waumini wa kanisa letu na majirani wa Port Victoria wakafanya harambee. Wengine walitoa elfu kumi, wengine mia mbili, na yupo mama mmoja muuza samaki aliyeleta noti zake zikiwa zimefungwa kwenye pindo la leso. Najua jasho lililomo katika kila shilingi ile.

Kundi la WhatsApp la wanafunzi tutakaoanza pamoja tayari limejaa mipango ya safari: Prague, Vienna, Amsterdam, Paris. Mjomba wangu, ambaye ndiye mweka hazina wa kamati, ameniambia waziwazi kwamba ninatumwa kusoma wala si kutalii, na kwamba siku atakayoniona pichani chini ya mnara wa Eiffel atajua pesa za watu zimeliwa. Namheshimu sana na simlaumu. Lakini mhadhiri aliyenisimamia katika shahada ya kwanza anashikilia kwamba mtu wa maji akifika Ulaya asione matuta ya kuzuia maji ya Uholanzi atakuwa amesoma nusu. Mimi nimekulia mahali ambapo Mto Nzoia ukibomoa tuta, watu huhamia shuleni na mbuzi wao, na natamani kujua jinsi watu wanaoishi chini ya usawa wa bahari wanavyoweza kulala usiku mvua ikinyesha.

Naomba mliosoma huko mnieleze maisha ya kawaida yanagharimu nini, mwanafunzi asiye na uwezo husafiri vipi, na mlizungumza namna gani na waliowachangia.

Mhandisi wa Kisumu

Hongera sana, dada. Nilisoma mashariki mwa Ujerumani na sasa ninafanya kazi hapa Kisumu, kwa hiyo nitaanza na hesabu, kwa sababu swali la safari haliwezi kujibiwa kabla hujajua fedha zako zitakaa wapi.

Kama utaonyesha uwezo wa kujikimu kwa fedha zenu wenyewe, ubalozi utataka uweke pesa hizo katika akaunti maalum iitwayo Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiwango kinachotakiwa ni yuro 11,904 kwa mwaka mmoja, ambazo kwa bei ya takriban shilingi 150 kwa yuro ni karibu shilingi milioni 1.8. Ukishafika, akaunti hiyo hukutolea yuro 992 tu kila mwezi. Mweleze mjomba wako jambo hili kwa utulivu, maana linaweza kumwondolea nusu ya wasiwasi wake: hata ungetaka kuzitapanya pesa za watu kwa mwezi mmoja, usingeweza.

Katika hizo 992, kodi ya nyumba ndiyo humeza sehemu kubwa. Omba chumba katika hosteli za Studentenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, mara tu barua ya kukubaliwa inapofika mkononi, kwa kuwa orodha ya wanaosubiri huwa ndefu na nyumba za watu binafsi ni ghali zaidi. Usimtumie pesa mtu yeyote anayedai kwamba yuko nje ya nchi na kwamba atakupelekea funguo kwa posta. Utapeli wa namna hiyo unawalenga wageni kama wewe. Bima ya afya ni ya lazima, na kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 inazidi yuro 140 kwa mwezi. Ipo pia ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa kila nyumba, ambayo mkiishi watu wanne mnaweza kugawana. Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia chumbani unatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya manispaa, na bila karatasi ya uandikishaji huo mambo mengine mengi hukwama.

Chakula ukijipikia hakitakusumbua. Unga wa mahindi unapatikana katika maduka ya Waafrika na Waasia, na wakati wa baridi masokoni huuzwa mboga inayoitwa Grünkohl, ambayo ni ndugu wa karibu wa sukuma wiki. Ikatekate nyembamba, uikaange na kitunguu, na hutatofautisha sana. Samaki waliokaushwa unaweza kubeba kutoka nyumbani kwa kiasi, lakini nyama na maziwa ya aina yoyote, hata mursik, haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya katika mzigo wa abiria.

Sasa safari. Sikuwahi kutoa nauli ya kutembea katika fedha za kujikimu. Sheria humruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa Machi 2024 kutoka 120 na 240, na kazi ya msaidizi wa utafiti chuoni haiingii katika hesabu hiyo. Tangu Januari 2026 kima cha chini cha mshahara ni yuro 13.90 kwa saa. Nilitenga mshahara wa kazi zangu za likizo katika akaunti nyingine kabisa, na kila nauli niliyolipa ilitoka humo. Ukiweza kumwonyesha mjomba wako mstari huo ulionyooka kati ya pesa za harambee na pesa za jasho lako mwenyewe, sehemu kubwa ya mgogoro wenu itakuwa imekwisha.

Tena usidhani kwamba kusafiri ni lazima uvuke mpaka. Uliza kama mchango wa muhula katika chuo chako unajumuisha tiketi ya nchi nzima kwa wanafunzi, ambayo huuzwa kwa asilimia 60 ya bei ya kawaida ya Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa nchi nzima. Kwa tiketi hiyo unapanda treni zote za mikoani bila kulipa zaidi, ingawa zile za mwendo wa kasi hazimo. Utafika Meißen na Pirna, miji iliyo kando ya Mto Elbe, na humo utaona kwenye kuta za nyumba alama za mafuriko zenye mwaka ulioandikwa kando ya kila mstari. Agosti 2002 Elbe ilifika mita 9.40 pale Dresden. Siku chache kabla, mto mdogo unaoitwa Weißeritz, ambao ulikuwa umehamishwa kutoka katika mkondo wake wa asili mwishoni mwa karne ya 19, ulirudi katika mkondo wa zamani na kuingia moja kwa moja katika kituo kikuu cha treni, kwa sababu kituo na reli zake vilikuwa vimeufuata mkondo huo. Mtu wa Budalang'i akisimama katika kituo hicho na kufikiria jambo hilo, sioni jinsi mtu yeyote atakavyosema hasomi.

Mama Mwalimu, Njoro

Mwanangu, mimi naandika nikiwa upande wa wanaobaki. Kijana wangu anasoma Finland, na tulimpeleka kwa mkopo wa chama pamoja na michango ya ndugu. Lazima uelewe kwamba katika pande zetu hizi suala la fedha za masomo ya ng'ambo limejeruhi watu. Mwaka 2023 tuliona wazazi wa Uasin Gishu wakiandamana Eldoret wakidai pesa walizokuwa wamelipia mpango wa masomo wa Finland. Tangu hapo mzazi yeyote wa Bonde la Ufa au wa magharibi anapochangia masomo ya nje huwa na hofu ambayo hata yeye mwenyewe hawezi kuieleza vizuri. Mjomba wako si mtu mgumu. Yeye ndiye atakayeulizwa sokoni.

Kijana wangu alipanda meli kutoka Helsinki hadi Tallinn, safari ya takriban saa mbili, na mimi nikaiona picha kwenye simu ya jirani. Niliumia, lakini safari yenyewe haikuniuma hata kidogo. Kilichoniuma ni kwamba jirani alijua kabla yangu, akaniuliza kwa sauti ya kunipima kama mkopo umekwisha kulipwa. Nilipozungumza na kijana wangu tulikubaliana kwamba kabla ya safari yoyote ananipigia, ananiambia anakwenda wapi, nauli ni kiasi gani na imetoka wapi. Siku hizi mimi ndiye wa kwanza kuwaonyesha watu picha hizo kanisani, nami huzieleza mwenyewe kabla hajatokea mtu wa kuuliza.

Ongeza na hili. Sisi huku jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, na hatujui giza la kweli. Mwezi wa Desemba Helsinki jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kama saa tisa na robo alasiri. Baridi yake ya kwanza kijana huyu alikonda, akawa hapokei simu, na wenzake ndio waliomtoa chumbani na kumpeleka kutembea mji mwingine kwa siku mbili. Mimi mwenyewe nilimtumia nauli hiyo na sijutii. Dresden haifiki hali hiyo, lakini huko nako mwezi huo jua huzama kama saa kumi jioni. Mwambie mjomba wako kwamba wakati mwingine nauli ya basi ni dawa.

Mwana wa Bungoma

Mama ameyasema yale ambayo vijana hatukuyajua tulipoondoka. Mimi nilisoma kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus Mundus, ambao masharti yake humtaka mwanafunzi asome katika nchi mbili au zaidi. Kwetu safari ilikuwa sehemu ya masomo tangu siku ya kwanza, na posho ya yuro 1,400 kwa mwezi ilipangwa kwa kuzingatia hilo. Nasema hivi ili mjomba wako ajue kwamba Wazungu wenyewe, pale wanapotoa pesa zao kwa mwanafunzi, humtaka atembee.

Kuhusu mipaka, eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya matembezi, lina nchi 29 tangu Bulgaria na Romania zilipoingia kikamilifu Januari 2025. Kibali chako cha kuishi Ujerumani, au ile viza ya masomo ya muda mrefu utakayoingia nayo, itakuruhusu kuzitembelea nchi nyingine za eneo hilo kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Uswisi na Norway zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo. Huko utahitaji viza nyingine, na usijaribu kuunganisha ndege kupitia kwao bila kuuliza kwanza. Beba pasipoti yenyewe pamoja na kadi ya kibali kila unapovuka mpaka, kwani nakala iliyopigwa picha kwenye simu haitakusaidia. Kibali hicho pia hakikupi ruhusa ya kufanya kazi katika nchi unayoitembelea.

Uholanzi nenda, tena nenda ukiwa na daftari. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja matuta ya jimbo la Zeeland na watu 1,836 wakafa katika nchi hiyo. Kutokana na msiba huo walijenga mfululizo wa mabwawa na malango uitwao Deltawerken. Lango la Oosterschelde lilikamilika mwaka 1986, na walikuwa wameanza wakikusudia kuziba kabisa mdomo ule wa bahari, lakini wavuvi wa kome na chaza pamoja na watetezi wa mazingira wakapinga, ndipo wakabadilisha mchoro na kujenga milango ambayo hubaki wazi siku zote na hufungwa dhoruba inapokuja. Ukitoka Port Victoria, mahali ambapo samaki ndiye karo na ndiye chakula, habari hiyo ina uzito kuliko picha yoyote ya mnara.

Lakini kitu ninachotaka ukichunguze hasa si saruji. Uholanzi ina bodi za maji ambazo baadhi yake zilianza katika karne ya 13. Sasa zimebaki 21, na kila moja hukusanya ushuru wake kwa wakazi, huchaguliwa kwa kura, na hutunza matuta na mifereji ya eneo lake mwaka mzima. Mkazi analipia tuta hata mwaka ambao mto umetulia. Mei 2020 Nzoia ilipofurika Budalang'i, mimi nilikuwa miongoni mwa waliopeleka mablanketi kambini, na kila mzee niliyezungumza naye alisema habari moja: tuta lilionekana kudhoofika mapema, lakini hakuna aliyejua nani hasa ana wajibu wa kulifunga kabla ya mvua. Kama unaweza kukaa siku nzima katika ofisi ya bodi mojawapo ukauliza bajeti ya ukarabati inapangwa vipi na nani anaidhinisha, rudi na majibu hayo. Andika barua pepe mapema kwa Kiingereza ukieleza wewe ni nani na umetoka mto gani. Watu wa maji hupenda sana kuulizwa.

Mjini Delft kuna taasisi ya elimu ya maji, IHE, iliyoanzishwa mwaka 1957, ambako Wakenya wengi wamepitia. Ukifika hapo hutakosa mtu wa kukupikia chai ya maziwa na kukupa pahali pa kulala, na hivyo gharama itabaki ya basi tu. Mabasi ya usiku ndiyo nafuu kuliko yote ukikata tiketi mapema, ingawa ni safari ndefu na miguu huvimba.

Dada wa Vihiga

Naongeza jambo moja ambalo wengi hulikwepa. Dresden ni mji mzuri na chuo chake kina wageni wengi, lakini ni huko ambako vuguvugu la Pegida, lililopinga wahamiaji, lilianza Oktoba 2014 na kuandamana Jumatatu kwa miaka kumi. Niliishi katika jimbo la mji huo, na wengi niliokutana nao walikuwa waungwana. Hata hivyo, kwenye treni ya kutoka Prague askari wa mpakani walipopita katika behewa, mimi ndiye niliyeombwa pasipoti na waliokaa pande zote mbili hawakuombwa. Jibu kwa adabu, toa hati zako, kisha endelea na safari yako. Usiku epuka kusimama peke yako katika vituo vidogo vya treni, na uwe na namba ya simu ya ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni.

Ukipata siku moja Berlin, nenda mtaa wa Wilhelmstraße. Kuna bango la ukumbusho linaloonyesha mahali palipokuwa na jumba ambamo wawakilishi wa mataifa ya Ulaya walikutana kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 kuandika kanuni za kuigawana Afrika. Hakuna kiingilio. Nilisoma bango hilo mara mbili na nikampigia baba yangu nikiwa bado nimesimama pale, na sijawahi kumsikia akiuliza maswali mengi namna ile kuhusu masomo yangu.

Binti wa Budalang'i

Nawashukuru nyote, na hasa wewe Mama Mwalimu, maana ulivyomweleza mjomba wangu ndivyo alivyo. Jana nilimsomea majibu haya kwa simu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba hana tatizo na Uholanzi ikiwa itakuwa kwenye karatasi: niende lini, nitumie nini, na nikirudi nizungumze na kamati na wazee wa tuta. Paris bado hataki kuisikia, nami sitabishana naye juu ya hilo. Je, ni miezi gani ninaweza kuiandika bila kuharibu masomo?

Mhandisi wa Kisumu

Mjomba wako amefanya jambo la busara sana, na karatasi hiyo iandike wiki hii kabla ya kufunga mizigo. Mihadhara ya muhula wa kwanza huanza Oktoba na kuisha mapema Februari, kisha ni mitihani, na kwa kawaida unakuwa na nafasi mwezi wa Machi. Muhula wa pili ni Aprili hadi Julai. Agosti na Septemba hakuna mihadhara, na wengi hutumia Agosti kufanya kazi.

Kwa hiyo kabla ya Septemba usiandike safari yoyote ya nje. Andika Meißen, Pirna na Berlin, ambazo tiketi ya chuo ikiwa ni ya nchi nzima itagharamia nauli yake. Fanya kazi Agosti yote, weka akiba, na Uholanzi uiandike Septemba. Kuna sababu ya kuchagua mwezi huo: karibu na Rotterdam kuna lango kubwa la kuzuia dhoruba, Maeslantkering, lililozinduliwa mwaka 1997, na kila mwaka kabla ya msimu wa dhoruba, kwa kawaida mwezi wa Septemba, hulifunga kwa majaribio huku wananchi wakiruhusiwa kutazama kutoka ukingoni. Tarehe hutangazwa mapema, na ikishatangazwa kata tiketi ya basi siku hiyo hiyo. Bodi ya maji iandikie Juni, kwa sababu Julai na Agosti wengi wao huwa likizoni na barua yako itakaa bila kujibiwa.